Muulize fosfeti ilitoka wapi

Ukikutana na mtu anayejidai anajua uhai ulianza vipi duniani, usihangaike kubishana naye habari za nyani. Muulize fosfeti ilitoka wapi. Radi atakuwa nayo, gesi atakuwa nazo, bahari ya kale ataieleza hadi udhani aliwahi kuoga humo. Fosfeti, yaani fosforasi iliyoshikana na oksijeni, itamtoa jasho.

Mpwa wangu ndiye aliyenirudisha kwenye jambo hili. Yuko kidato cha tatu na wikendi huja kwangu Umoja, rasmi kunisalimia, kwa kweli kunyonya intaneti. Akaniuliza huku macho yako kwenye simu: "Shangazi, huyu Miller si alishatengeneza uhai kwenye chupa?" Nikamwambia hapana. Mwaka 1953 Stanley Miller, akiwa mwanafunzi wa Harold Urey kule Chicago, alipitisha cheche za umeme kwenye mchanganyiko wa mvuke wa maji, methani, amonia na haidrojeni. Baada ya siku chache akakuta asidi za amino, zile zinazounganishwa kutengeneza protini. Ilikuwa habari kubwa na ilistahili kuwa kubwa. Ila asidi za amino zinapatikana hata ndani ya vimondo. Kile kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 kilikuja nazo kutoka angani. Kuzipata hakukuwa shida. Shida ni fosfeti, nikamwambia, na hapo ndipo alipoweka simu chini.

Fikiria inavyotumika. Mgongo wa DNA, molekuli inayotunza maagizo ya urithi, na wa RNA, ndugu yake ambayo wengi wanadhani ndiyo iliyotangulia, ni sukari na fosfeti zikipokezana mwanzo hadi mwisho. Utando unaozunguka karibu kila seli umejengwa kwa mafuta yaliyoshikishwa fosfeti. ATP, ile molekuli ambayo seli hulipia nayo karibu kila kazi, ina fosfeti tatu zilizobanwa kwenye mkia mmoja, na nishati inatoka pale moja inapokatwa. Mwili wako hutengeneza na kuvunja ATP ya uzito unaokaribia uzito wako mwenyewe kila siku, ingawa kwa dakika yoyote ile unayo sehemu ndogo tu ya uzito huo. Tembo wa Amboseli na bakteria wa kipindupindu wanalingana kabisa katika kuitegemea fosfeti.

Sasa, fosfeti na kalsiamu hazikai pamoja bila kushikana. Zikikutana majini zinageuka apataiti, madini yale yale yaliyo kwenye meno na mifupa yetu, na kinachobaki kimeyeyuka ni kidogo mno. Na kalsiamu iko tele, mitoni na baharini. Kwa hiyo kwa miaka mingi wanakemia waliojaribu kuunda vipande vya RNA walikuwa wakimimina fosfeti kwa ukarimu ambao dunia yenyewe haikuonekana kuwa nao. Mwaka 2009 Matthew Powner, Béatrice Gerland na John Sutherland wa Chuo Kikuu cha Manchester walionyesha namna ya kufika kwenye viungo viwili kati ya vinne vya RNA wakianza na molekuli ndogo ambazo hazihitaji kiumbe kuzitengeneza. Kwangu mimi hiyo ni kati ya kazi nzuri kuliko zote katika uwanja huu. Fosfeti ilifanya kazi tatu humo: ilituliza ukali wa maji usipande wala kushuka, ilichochea mmenyuko, na mwishowe ikaingia yenyewe kwenye zao. Lakini ilitakiwa iwe nyingi. Wapi duniani, bila mwanakemia wa kuimimina, ungepata maji ya namna hiyo?

Jibu moja zuri liko njia ya Rongai.

Ukitoka mjini ukapita Ongata Rongai na Kiserian, ukaukata mgongo wa vilima vya Ngong, barabara inaanza kuporomoka kuelekea Bonde la Ufa. Masikio yanaziba, sweta uliyovaa asubuhi inageuka adhabu. Unapita Olorgesailie, mifugo ya Wamaasai inakuvukia barabara bila haraka, na kilomita mia moja na kitu kutoka Nairobi unafika Ziwa Magadi. Sehemu kubwa ya ziwa hilo huwezi kuiita maji. Ni ukoko wa trona, yaani magadi ghafi, mweupe mahali fulani, wa waridi mahali pengine, na mwekundu kama juisi ya biti kwenye mabwawa ambako maji ya chumvi yamekolea. Kiwanda kipo pale tangu enzi za Mwingereza. Magadi yake huishia kwenye vioo vya madirisha na chupa. Pembeni kuna chemchemi za moto zinazolisha ziwa. Hakuna mto unaotoka. Maji yanaingia yakiwa yamebeba kile yalichokikwangua kutoka kwenye miamba ya volkano, jua linachukua maji yake, na kila kitu kingine kinabaki kikirundikana.

Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliandika kuhusu maziwa ya aina hii katika makala iliyochapishwa mwaka 2020. Walitazama maziwa yenye kaboneti nyingi, kemikali iliyomo kwenye magadi, Ziwa Magadi yetu likiwemo pamoja na Mono la California na Lonar la India, wakafanya majaribio ya chupa maabarani. Maziwa ya aina hiyo yanaweza kuwa na fosforasi hadi mara 50,000 kuliko ile ya bahari, mito na maziwa mengine. Elfu hamsini. Niliposoma tarakimu hiyo mara ya kwanza nilirudi juu kuangalia kama sifuri hazijazidi.

Sababu yake inajulikana jikoni kwako. Mama mboga wangu ananiita daktari kwa sababu nafanya kazi maabara, na nimeacha kumsahihisha. "Daktari, leo githeri ama mrenda?" Nikisema githeri, anatupia vijiwe vya magadi kwenye karatasi bila kuulizwa, vya shilingi 20. "Weka kidogo, usije ukaharibu ladha." Maharagwe makavu ni magumu kwa sababu seli zake zimegandishwa pamoja na pektini, na pektini inashikiliwa na kalsiamu. Magadi yakiingia sufuriani, kaboneti inaikamata kalsiamu, sodiamu inakaa mahali pake, pektini inalegea na maharagwe yanaiva kabla ya gesi kuisha. Ziwani ni kazi ile ile. Kaboneti inaikamata kalsiamu na kuizamisha chini kama jiwe la chokaa, na fosfeti inabaki majini bila mchumba. Mvua ikikatika na ziwa likinywea, inazidi kukolea.

Basi githeri na chanzo cha uhai vinapitia mlango mmoja wa kemia. Mpwa wangu alilipenda hilo kuliko yote niliyomweleza, na nadhani amelirudia shuleni bila kunitaja.

Kuna pingamizi la haraka na ni la haki. Maji ya Magadi ya leo yana pH (kipimo cha asidi na besi) ya 10 hivi, yaani ni besi kali, na RNA haidumu kwenye maji makali namna hiyo, inakatikakatika. Ila Toner na Catling walishalitazama. Hewa ya dunia changa ilikuwa na kaboni dioksidi nyingi mno kuliko ya sasa, na gesi hiyo ikiyeyuka ziwani hupunguza ukali wa maji. Ziwa la namna ya Magadi chini ya hewa ya wakati ule lingekuwa na maji ya ukali wa wastani, na fosfeti yake ingebaki pale pale. Pingamizi linalonisumbua zaidi ni chumvi. Viputo vya mafuta mepesi, ambavyo wengi wanadhani ndivyo vilivyokuwa utando wa seli za kwanza, huvurugika kwenye maji yenye chumvi kali. Labda mambo yalifanyika ukingoni, kijito cha mvua kinapoingia ziwani na maji mawili yanapokutana. Hapo nakisia, na msomaji anikamate kwa hilo.

Upande mwingine wa ubishi wako watu wa bahari kuu. Mwaka 2000, chini ya Atlantiki, watafiti walikuta eneo la minara myeupe ya madini, mirefu kuliko yote ikikaribia mita 60, inayotoa maji ya moto yasiyo na asidi na yenye haidrojeni tele. Wakaliita Lost City. Mwanajiolojia Michael Russell alikuwa ameshabashiri kuwa chemchemi za namna hiyo lazima ziwepo, na kwamba uhai ulianzia kwenye vijitundu vyake. Hoja yake, aliyoiendeleza na William Martin, inasimama juu ya ugunduzi wa mwanabiokemia Peter Mitchell, aliyependekeza mwaka 1961 kwamba seli hupata nguvu kwa kusukuma protoni, chembe za haidrojeni zenye chaji, upande mmoja wa utando kisha kuziacha zirudi zikizungusha mtambo unaotengeneza ATP. Watu walimcheka Mitchell. Mwaka 1978 akapewa Nobel. Na kwenye kuta nyembamba za minara ile, tofauti ya protoni kati ya ndani na nje inajitengeneza yenyewe, bila pampu ya mtu.

Ni hoja yenye nguvu na sitaki kuipita kwa dharau. Ila mimi niko upande wa maziwa, na sababu yangu ni maji yenyewe. Kila unapounganisha kiungo kimoja cha RNA na kingine, lazima molekuli ya maji itoke. Kuondoa maji ukiwa chini ya bahari ni kudai mengi mno. Ukingoni mwa ziwa jua linayaondoa bure kila kiangazi, mvua inayarudisha, kisha jua tena. Mtafiti David Deamer amefanya majaribio mengi ya aina hii, kulowesha na kukausha, na minyororo mirefu ya molekuli huanza kujitokeza. Watu wa bahari kuu wanalo jibu lao kuhusu nishati. Kuhusu fosfeti na kuhusu maji, bado sijaridhika.

Wakibanwa sana huleta LUCA. Hilo ni jina la kifupi la babu wa mwisho ambaye viumbe vyote vilivyo hai leo, kuanzia uyoga hadi mbunge wako, vinachangia. Hatujawahi kumwona, tunamkisia kwa kulinganisha jeni za vizazi vyake. Mwaka 2016 kikundi cha Martin kule Düsseldorf kilichuja mamilioni ya jeni na kubaki na familia 355 zinazoelekea kuwa za LUCA, na picha iliyotoka ni ya kijidudu kilichopenda joto na kuishi kwa haidrojeni. Inafanana sana na Lost City, wakasema. Lakini mwaka 2024 kikundi kingine kilirudia hesabu kwa njia tofauti kikapata kwamba LUCA aliishi miaka bilioni 4.2 hivi iliyopita, akiwa na protini za aina 2,600 hivi, na hata jeni za kujikinga. Kujikinga na nini? Na virusi. Yaani maradhi yalishakuwepo.

Dunia ina miaka bilioni 4.54. Kama hesabu hiyo ya 2024 ni sahihi, kemia ilikuwa na miaka milioni mia tatu na kitu ya kutoka kwenye jiwe lenye joto hadi kwa kiumbe mwenye maadui. Na hilo ndilo linalonifanya nisimtegemee LUCA kama shahidi wa mahali. Alikuwa amekwishapitia mengi. Makao yake yanaeleza alikokuwa akiishi, na kati yake na seli ya kwanza kuna muda wa kutosha kuhama mara elfu.

Kutoka kwa LUCA koo mbili ziliachana: bakteria upande mmoja, arkea upande mwingine. Wekundu wa Magadi ni wa hao wa pili. Nilirudi Nairobi na chupa ya maji mekundu ya ziwa, na jioni moja wagonjwa wakiwa wamekwisha nikaweka tone kwenye kioo, nikaliweka chini ya lenzi ya mafuta. Vijiti vidogo, vimejaa, vingine vinaogelea kwa kujipindapinda. Ukivitazama hivi hivi utasema ni bakteria wa kawaida, kama wa mkojo wenye maambukizi. Kisha nikagusisha tone la maji safi yaliyochujwa kwenye ukingo wa kioo cha juu. Yakapenya. Vijiti vikaanza kuvimba, vikawa mviringo, vikapauka, na kimoja baada ya kingine vikatoweka. Vimejengwa kwa chumvi kiasi kwamba bila chumvi vinapasuka. Ndani yake vimejijaza potasiamu ili kukabiliana na sodiamu ya nje, na protini zake zimezoea maisha hayo hadi haziwezi mengine. Maji unayokunywa wewe ni sumu kwavyo.

Tofauti yao na bakteria ilionekana mwaka 1977. Carl Woese na George Fox, Chuo Kikuu cha Illinois, walilinganisha RNA ya ribosomu, mtambo unaounganisha protini katika kila seli. Woese alikuwa amekaa miaka akisoma madoa meusi kwenye filamu, moja moja, kazi ambayo hata mimi niliyezoea kuhesabu bakteria wa kifua kikuu ingenishinda. Vijidudu vinavyotengeneza methani, ambavyo kila mtu aliviita bakteria, vilikuwa mbali na bakteria kama sisi tulivyo mbali nao. Ulimwengu mzima wa viumbe ulikuwa umekaa mbele ya hadubini za watu kwa miaka mia mbili na zaidi na hakuna aliyejua, kwa sababu kwa macho vijiti ni vijiti.

Arkea mmoja wa Magadi, Natronobacterium gregoryi, aliyepewa jina la mwanajiolojia wa Bonde la Ufa J. W. Gregory, alipata umaarufu wa ajabu mwaka 2016. Watafiti nchini China walidai protini yake inaweza kukata na kuhariri jeni za binadamu vizuri kuliko mbinu iliyokuwepo. Maabara nyingi zikajaribu, hazikufaulu, na mwaka uliofuata makala ikaondolewa. Maskini kijidudu cha watu, kilikuwa kimetulia kwenye chumvi yake.

Lakini hadithi inayonihusu zaidi kazini ni ile ya koo hizi mbili kurudiana. Mwaka 1967 Lynn Margulis, wakati huo akitumia jina la Lynn Sagan, alichapisha makala akisema mitokondria, zile sehemu za seli yetu zinazotengeneza ATP, zilikuwa bakteria huru walioingia ndani ya seli nyingine na kubaki. Majarida mengi yalikuwa yamemkatalia. Leo hakuna mtu makini anayepinga. Na mwenyeji aliyewapokea wale bakteria alikuwa arkea, au ndugu wa karibu wa arkea. Mwaka 2020 Hiroyuki Imachi na wenzake wa Japani walitangaza kwamba wameweza kuotesha mmoja wa ukoo huo wa wenyeji, aliyetolewa kwenye tope la chini ya bahari kwenye kina cha zaidi ya mita 2,500. Iliwachukua miaka 12. Kijidudu hicho hugawanyika mara moja kwa wiki mbili au tatu. Sisi hapa tukisubiri sahani ya kuoteshea siku tatu, daktari wa wodi anapiga simu kuuliza kama tumelala. Kina mikono mirefu yenye matawi inayotoka mwilini, na kinaishi kwa kushirikiana na vijidudu vingine; hakipendi kukaa peke yake. Ukiitazama picha yake unaelewa jinsi jirani anavyoweza kukumbatiwa hadi akabaki ndani.

Nasema inanihusu kazini kwa sababu ya masikio ya wagonjwa. Kwa miaka mingi kifua kikuu sugu kilitibiwa kwa sindano za kanamisini, kila siku, miezi kadhaa. Kanamisini inashambulia ribosomu ya bakteria. Ribosomu zetu za kawaida hazifanani nayo vya kutosha, kwa hiyo kwa kanuni uko salama. Ila mitokondria zina ribosomu zake, zilizorithiwa kutoka kwa yule bakteria wa zamani, na seli za sikio la ndani zinazitegemea sana. Baadhi ya watu wana badiliko la herufi moja tu katika jeni ya ribosomu ya mitokondria, ambalo huifanya ifanane zaidi na ya bakteria, na kwao dozi chache zinatosha kuziba masikio milele. Hata wasio na badiliko hilo, wengi walidhurika. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hiyo iachwe. Nilikuwa nikiwaona wanakuja na makopo ya makohozi, mwezi wa kwanza unamwita mtu kwa jina anageuka, mwezi wa nne unamgusa bega. Makohozi safi, bakteria wamekwisha. Dawa ilikuwa imewapata bakteria wote wawili, wa juzi na wa zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita.

Mtu akiniambia mageuko ya viumbe ni nadharia ya vitabuni, huwa namkumbuka mama mmoja wa Kayole aliyenijibu kwa kunisoma midomo.

Mpwa wangu alikuwa na swali lingine, na ni swali zuri: kama Magadi ni pazuri hivyo, mbona uhai hauanzi upya pale kila mwaka? Charles Darwin alijiuliza jambo hilo hilo. Katika barua ya mwaka 1871 kwa rafiki yake Joseph Hooker aliwaza kuhusu kidimbwi kidogo chenye uvuguvugu, chenye amonia na chumvi za fosfeti, ambamo protini ingeweza kutokea. Na papo hapo akaongeza kwamba siku hizi kitu kama hicho kingeliwa au kufyonzwa mara moja na viumbe waliokwisha kuwepo. Darwin aliitaja fosfeti. Wengi wanaoinukuu barua ile hukumbuka umeme na uvuguvugu na kuiruka hiyo.

Na kweli inaliwa. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walieleza kuhusu ziwa dogo huko British Columbia, Kanada, liitwalo Last Chance, kina chake hakifiki goti la mtu mrefu, ambalo lina fosfeti kuliko karibu maji yoyote ya asili yaliyowahi kupimwa. Jirani yake kuna ziwa jingine lenye kemia inayofanana, na lenyewe fosfeti yake ni ndogo. Tofauti ni walaji. Kwenye ziwa jirani sayanobakteria, bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua, wanaweza kukamata naitrojeni ya hewani, wanashiba, wanaongezeka na kuila fosfeti. Last Chance lina chumvi kali mno kwao, naitrojeni haitoshi, na fosfeti inabaki mezani. Kabla ya uhai kuwepo, maziwa yote ya magadi duniani yangekuwa hivyo, bila wa kula.

Mahali pengine pa kutazama, basi, ni mahali ambapo hatuna hakika kama kuna walaji. Mwaka 2023 Frank Postberg na wenzake walirudi kwenye data za chombo cha anga Cassini, kilichokuwa kimeshaungua angani mwa sayari ya Zohali mwaka 2017, wakachambua chembe za barafu zinazorushwa na mwezi mdogo wa Zohali uitwao Enceladus. Chini ya barafu yake kuna bahari, na mianya ya ncha ya kusini huitapika angani. Katika chembe zile walikuta fosfeti, kwa kiwango ambacho baharini mwake lazima kiwe angalau mara 100 ya kile cha bahari zetu. Walipojaribu kueleza sababu, wakaikuta ile ile: maji yale yana kaboneti nyingi. Bahari ya Enceladus inafanana na Magadi kuliko inavyofanana na Mombasa.

Mpwa wangu akataka kujua kama huko kunaweza kuwa na samaki. Nikamwambia Magadi kwenyewe, pamoja na jua na hewa yote ile, wapo wa aina moja tu.